Chakula cha mbwa na paka kutokana na mabaki ya feri na shamba: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Mfuko wa chakula cha mbwa unaoukuta dukani Mtwara mjini umesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na mara nyingi kabla ya hapo ulishavuka bahari. Mwaka 2017 mtafiti Gregory Okin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikadiria kwamba chakula cha mbwa na paka wa Marekani kinabeba kati ya asilimia 25 na 30 ya madhara ya kimazingira yatokanayo na ufugaji wa wanyama wa chakula nchini humo. Sisi hatuko huko. Mbwa wengi wa huku bado wanaishi kwa ugali na miiba ya samaki. Lakini wanaofuga kwa kutaka mnyama aishi vizuri wanaongezeka, na wengi wao, wakishindwa bei ya mfuko, wanakimbilia dagaa.

Hapo ndipo naomba tusimame kidogo. Dagaa ni chakula cha watu. Ni kitoweo cha mama mwenye watoto watano na elfu mbili mkononi. Kumtwangia mbwa kilo nzima ya dagaa wazuri kila wiki ni kumnyang'anya mtu, na ni kuongeza mzigo kwa bahari ambayo nyavu zake zimeshakuwa nyingi. Kwa bahati nzuri, Mtwara na Lindi zina mabaki mazuri kuliko tunavyodhani: mabaki ya samaki wa feri (sokoni wanaposhushwa samaki), ya machinjio, ya mashine za ufuta, na mabibo yanayooza chini ya mikorosho kila msimu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyageuza kuwa chakula chenye lishe, salama, na kisichomwibia mtu sahani yake.

Hatua ya 1: Chagua kwa swali moja

Kabla kitu hakijaingia kwenye sufuria ya mnyama, jiulize: kuna mtu hapa mtaani angekila? Kama yupo, kiache.

Swali hili linakata mengi. Kichwa cha changu au cha kolekole ni supu ya mtu, wala usikiite taka. Utumbo wa ng'ombe uliosafishwa una wateja wake. Kinachobaki kweli ni matamvua, mapezi, matumbo ya samaki, uti wenye mabaki ya mnofu baada ya samaki mkubwa kukatwa vipande, mapafu na bandama ambazo mara nyingi hukosa mnunuzi, vichwa na matumbo ya kuku wa kisasa, chenga za mchele, mashudu, na vumbi la dagaa linalobaki chini ya gunia. Hilo la mwisho lipepete vizuri, maana nusu yake huwa mchanga.

Yako pia mabaki ambayo sitaki uyaguse hata ukipewa bure. Papa na taa wanazaa taratibu mno na wamevuliwa kupita kiasi, na nyama ya papa hukusanya zebaki. Kasa ni mnyama anayelindwa na sheria. Samaki wa baruti, ambao pwani yetu inawajua kwa uchungu, wasinunuliwe hata kwa ajili ya paka: ukimpa mwuzaji shilingi yako umemlipia tambi ya baruti ya kesho, na miamba inayovunjwa ndiyo kitalu cha samaki wetu.

Hatua ya 2: Elewana na wanaopaa samaki

Usiende feri saa nne ukitegemea kuokota. Nenda alfajiri, zungumza na vijana au akina mama wanaopaa samaki, wape ndoo yako safi yenye mfuniko na uwaeleze unachotaka kitiwe humo. Walipe. Hata kidogo, lakini walipe, kwa sababu mabaki yanayolipiwa hutunzwa, na yanayotupwa hukanyagwa. Ndoo ikae kivulini na vipande vya barafu juu yake.

Haraka hii ina sababu. Vibua na jodari wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haifi kwa kuchemshwa. Mnyama atatapika na kuvimba uso hata kama umepika saa mbili. Kwa hiyo usinunue mabaki ya jana kwa imani kwamba moto utayasafisha.

Nyumbani mwaga kila kitu kwenye beseni na upitishe mkono. Ondoa nyongo, ndoano, vipande vya mshipi na plastiki. Matumbo ya samaki wakubwa huwa na vyote hivyo. Kisha tafuta bunju. Ngozi yake ni ngumu yenye vijimwiba, meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku. Sumu yake imo zaidi kwenye ini, mayai, matumbo na ngozi, yaani hasa zile sehemu zinazotupwa, na hakuna moto wa jikoni unaoiondoa. Ukikuta hata kipande chake kimechanganyika na mengine, mwaga beseni zima. Najua inauma kumwaga kilo tano. Mwaga.

Hatua ya 3: Mabaki ya machinjio

Lindi imekuwa na ng'ombe wengi zaidi tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007, na machinjio zimepata kazi. Mapafu, bandama na mioyo ni protini safi. Ini nalo lina shaba na vitamini A kwa wingi, lakini lisizidi sehemu moja katika kumi ya nyama yote, hasa kwa paka. Paka anayelishwa ini kila siku kwa muda mrefu huota mifupa ya ziada shingoni na kwenye uti wa mgongo mpaka ashindwe kujilamba.

Jambo moja lisikupite. Ukikata ini au mapafu ukaona vifuko vyeupe vilivyojaa maji, huenda humo mna tegu wachanga wa mbwa, wanaokulia ndani ya ng'ombe au mbuzi. Mbwa akila kifuko hicho kibichi, tegu anakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na anayeugua mwishowe ni mtoto wako anayecheza na mbwa uwanjani. Sehemu yenye vifuko ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulichimbua. Nyama nyingine yote ichemshwe vizuri, bila kuangalia mbwa anapenda mbichi kiasi gani. Na dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Hatua ya 4: Nafaka na mashudu

Chenga za mchele ni rahisi kwa tumbo na bei yake si ya kutisha. Muhogo unafaa kama ni makopa meupe yaliyokauka vizuri kutoka kwenye muhogo uliomenywa na kulowekwa. Muhogo mchungu mbichi una sumu, na makopa yenye madoa meusi yana ukungu. Viazi vitamu na boga ni vizuri. Kisamvu sikipendekezi.

Mahindi na karanga ziangaliwe kwa jicho kali. Sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa huihimili kidogo kuliko tunavyofikiri. Kuna mazoea mabaya ya kusema mahindi yaliyoota ukungu "ni ya mbwa". Yasiyomfaa mtu kwa sababu ya ukungu hayamfai mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Kigezo changu cha mabaki kinahusu vitu ambavyo watu hawavitaki, hakihusu vilivyoharibika.

Mashudu ya ufuta ndiyo hazina yetu. Mikoa hii inalima ufuta kwa wingi, na mashine za kukamua mafuta huuza mashudu kwa wafuga kuku. Yana protini nyingi na yana methionini, ambayo kunde na mbaazi zina uhaba wake. Nunua yaliyokamuliwa karibuni, yanuse. Yakinuka mafuta yaliyochacha yaache. Sehemu moja katika kumi ya chakula inatosha.

Mbaazi tunazo, na mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ilianguka mpaka watu wakatafuta wanyama wa kuzilisha. Ziweke kidogo tu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwachunguza mbwa waliopata ugonjwa wa moyo baada ya kulishwa vyakula vyenye njegere na dengu nyingi badala ya nafaka. Jibu la mwisho halijatoka, na mimi naona chenga za mchele zinatosha.

Machicha ya nazi yanaingia kiasi cha konzi moja, yakizidi yanaharisha. Korosho zina mafuta mengi mno kwa mbwa, na maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo usiyatie ndani wala usipikie kwa moto wake kwenye jiko la wazi; moshi wake unawasha macho na koo. Vifuu vya nazi ni kuni nzuri zaidi na havikati mti wa mtu.

Hatua ya 5: Mabibo kuwa protini

Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, chini ya mikorosho ya Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa mabibo yanaoza kwa magunia. Mengine hukaushwa, mengine hutengenezwa pombe, lakini mengi huachwa. Yanaweza kulisha funza wa nzi askari mweusi, ambao wafugaji wengi huwaita BSF tu.

Nzi huyu yupo tayari huku, huhitaji kumwagiza. Ni mweusi, mwembamba, ukimwona kwa haraka utadhani nyigu. Mkubwa haumi, hali chakula, wala hatui kwenye sahani. Anaishi siku chache, anataga na kufa. Chukua ndoo, weka mabibo yaliyopondwa pamoja na pumba kidogo, acha yachachuke siku mbili tatu kivulini. Juu yake weka vibao viwili vitatu vilivyofungwa pamoja vyenye nafasi nyembamba kati yake, visiguse uchafu. Nzi watataga ndani ya nafasi hizo. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na funza hula kwa takriban wiki mbili. Vuna wakiwa bado rangi ya maziwa. Wakigeuka weusi wameacha kula na ngozi imekuwa ngumu. Ndoo iwe na unyevu, isiwe supu. Ikinuka vibaya, ongeza pumba.

Walishe mimea peke yake. Ukiwatupia mizoga au kinyesi umeharibu usalama wa chakula chako chote. Wakishavunwa, waoshe, wachemshe dakika tano, waanike kwenye chanja mpaka wavunjike kwa vidole, kisha watwange. Unga wake una protini karibu asilimia 40 na mafuta mengi, na Ulaya umeshaingia kwenye vyakula vya mbwa vinavyouzwa madukani. Kwa mbwa anza na kidogo, ufike sehemu moja katika kumi.

Najua wapo watakaosema funza ni kinyaa. Mbwa hana kinyaa hicho, na gunia la mabibo lililooza bure linasikitisha zaidi.

Hatua ya 6: Kupika

Vipimo hivi vinatoa kama kilo tatu za chakula kilichopikwa, kinachomtosha mbwa mzima wa kilo 15 kwa siku nne hadi tano:

- mabaki ya samaki au ya machinjio yaliyosafishwa, kilo 1 na robo hivi
- ini, gramu 100
- chenga za mchele, nusu kilo
- boga au mchicha, gramu 300
- mashudu ya ufuta au unga wa funza, gramu 100
- mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya mezani
- unga wa maganda ya mayai, vijiko viwili na nusu vya chai

Chemsha mabaki na ini dakika 30 kwa maji ya kufunika tu. Yaepue, lakini maji yake usimwage hata tone. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko California walionyesha kwamba upungufu wake humletea paka ugonjwa wa moyo. Taurini huyeyuka kwenye maji. Anayemwaga mchuzi anamwaga kile kile alichokifuata feri. Pika chenga na boga kwa mchuzi huo huo, mashudu yatie katikati ya mapishi.

Wakati wali unaiva, shughulikia mifupa. Mfupa wa kuku au ng'ombe uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo uondoe. Miiba ya samaki ipondwe kwenye kinu mpaka iwe uji, ikishindikana ipepete. Ukitumia samaki pamoja na miiba iliyopondwa, maganda ya mayai hayahitajiki tena. Ukitumia nyama isiyo na mfupa, maganda ni lazima, maana nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mbwa mchanga atapinda miguu. Maganda yaoshe, yakaange makavu, yasage mpaka yawe laini kama unga wa ngano.

Mafuta ya alizeti tia mwisho, chakula kikishapoa. Yana vitamini E, na paka anayekula samaki wa mafuta peke yake bila vitamini hiyo hupata uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, anaumwa ukimshika tu. Ndiyo maana pia nasihi samaki abadilishane na machinjio: siku nne hivi, siku tatu vile. Samaki mbichi nao wasitolewe, kwa sababu aina nyingi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1; moto hukiua.

Chumvi usitie. Vitunguu maji na vitunguu saumu usitie kabisa, huvunja chembe nyekundu za damu, na paka ndiye anayeumia zaidi. Ng'onda, kama umepewa, loweka usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili.

Kwa paka, punguza chenga ziwe nusu au chini yake, acha mashudu, ongeza moyo wa ng'ombe au wa kuku, na vipande vya ngisi vilivyokataliwa sokoni kama vipo, kwa kuwa vina taurini nyingi. Paka ni mla nyama. Kumlisha wali wenye mchuzi kwa sababu ya kuhifadhi mazingira ni kumtesa, na mimi siungi mkono.

Kiasi: mbwa wa kilo 10 hula karibu nusu kilo kwa siku, wa kilo 15 kama gramu 650, paka wa kilo tatu hadi nne gramu 150 hadi 200. Ukizipapasa mbavu bila kuzitafuta na huzioni kwa mbali, umepatia.

Hatua ya 7: Kuhifadhi bila friji

Kwenye friji chakula hiki kinakaa siku tatu, kwa hiyo kwa mbwa mmoja wa kilo 15 punguza vipimo vya juu. Bila friji pika cha siku moja, na kilichobaki sahanini kwa saa mbili kwenye joto letu kitupwe. Ndiyo maana wenye akiba ya kweli hukausha.

Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa hiyo vumbi la dagaa na mabaki yake hujaa na kupungua kwa mwezi. Kausha wakati yapo. Chemsha, weka kwenye kiroba safi, kandamiza kwa jiwe mpaka maji yaishe (yakinge, ni mchuzi), tandaza kwenye chanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, funika kwa wavu wa nzi, geuza kila saa. Siku mbili za jua kali zinatosha, usiku kiingizwe ndani. Kikivunjika kama kuni kavu, twanga, pepeta, tia kwenye ndoo yenye mfuniko. Kilo nne hadi tano mbichi hutoa karibu kilo moja ya unga. Kuanzia mvua za Novemba na Desemba usijaribu, hewa ina unyevu na utavuna ukungu. Tumia unga huo ndani ya mwezi mmoja au miwili. Mafuta ya samaki huchacha upesi.

Ukiona majirani wameanza kuuliza bei, fika kwanza kwa ofisa mifugo wa halmashauri. Utengenezaji na uuzaji wa vyakula vya mifugo unasimamiwa na sheria ya mwaka 2010, na ni afadhali kupata kibali ukiwa na ndoo mbili kuliko ukiwa na mashine.

Hatua ya 8: Kumhamisha mnyama

Badilisha polepole kwa siku saba hadi kumi: robo mpya na robo tatu za zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha uongeze. Angalia kinyesi. Kikiwa laini kupita kiasi, punguza mafuta na machicha. Kikiwa cheupe na kikavu kinachomeguka, umezidisha mifupa. Manyoya yakianza kufifia baada ya mwezi, mara nyingi upungufu ni wa zinki au mafuta; muulize daktari wa mifugo vitamini za kuchanganya, na umweleze chakula chote unachompa, usimfiche. Watoto wa mbwa na paka, wenye mimba na wenye ugonjwa wa figo wasihamishwe bila ushauri wake.

Mbwa akigoma mlo mmoja, mwache, kesho atakula. Paka ni tofauti. Paka asiyekula siku mbili, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta na anaweza kufa, kwa hiyo usishindane naye kwa njaa. Mrudishie chakula chake cha zamani siku hiyo hiyo, na kesho yake anza upya kwa kijiko kimoja cha kipya juu ya anachokijua, kikiwa cha vuguvugu ili harufu ya samaki itoke.